Koti la Mzee Abdulnoor

Yadi ya skrapu ya Mzee Abdulnoor, nyuma ya soko la Busia, ilikuwa na vyuma vya kila kabila: rimu za malori, sufuria zilizotoboka, milango ya magari, na injini ya mashua iliyotoka Sio Port ambayo bado ilinuka omena. Koplo Asio alisimama katikati yake, mikono nyuma, akitazama tu. Ndiyo kazi aliyoiweza kuliko zote. Wenzake kituoni walimtania kwamba akitumwa kununua chai hurudi akijua mwenye hoteli amenuniana na nani.

"Hapa ndipo ami alianguka," Mujib alisema. Alimwita mzee ami kwa kuwa alikuwa mtoto wa kaka yake, na ndiye shahidi pekee. "Kichwa huku, miguu kule. Na Levis, kijana wake wa kazi, yuko juu yake, anamrarua."

"Anamrarua nini?"

"Koti, afande. Vifungo vinaruka. Mimi nilikuwa nje napatana na mteja, nikasikia kitu kimeenda chini, puu. Kuingia, nawakuta hivyo. Nikapigia polisi simu hapo hapo, ata sikungoja. Kuona napiga, yeye akachukua simu ya ami akatoka mbio."

"Ulimwona akimpiga?"

Mujib alikuna shingo. "Mtu akitoka jikoni mdomo unang'aa mafuta, mpaka umwone akila?"

"Nimekuuliza kama ulimwona."

"Sikumwona. Lakini kulikuwa na nondo karibu na mkono wake."

Asio alitazama chini. Katika yadi ile kila mkono ulikuwa karibu na nondo. Hata yeye, akiinama kufunga kiatu, angeokota silaha tatu. Akachuchumaa kando ya mizani, ile ya bapa la chuma ambayo mzee alipimia mizigo mizito. Pembe moja ya bapa ilikuwa na damu iliyokauka, na nywele mbili nyeupe zimenata hapo. Nondo ilikuwa na kutu peke yake.

Juu kidogo, kwenye mkono wa mizani, palikuwa na kipande cha kamba ya katani. Kilining'inia bila kitu, ncha yake imechakaa na kuchanika kama mkia wa ng'ombe mzee.

"Kamba hii ilishika nini?"

"Kamba? Huku kuna kamba nyingi kuliko mbuzi, afande."

"Na koti lenyewe?"

Mujib alielekeza kidevu langoni. Lango lilikuwa la chuma, limepakwa rangi ya buluu, na juu yake limetundikwa koti la kazi la kijivu, halina kifungo hata kimoja. "Ndilo hilo. Mlilitundika nyinyi jana."

Asio alidhani ni majirani. Akaliacha likining'inia.

"Kuna jambo lingine," Mujib aliendelea, sauti akaishusha kana kwamba vyuma vina masikio. "Ami ana mashine kifuani, ya moyo. Jana asubuhi alienda Malaba kuangalia mzigo, na akipita pale mpakani alipita karibu na ile skana kubwa ya malori. Watu wanasema ile kitu inachoma mashine kama hizo."

"Sasa ni Levis ama ni skana?"

"Kila mmoja na dhambi yake."

Simu ya Asio ikalia. Alikuwa mkubwa wake, Inspekta Ochom. "Asio, hiyo faili iwe mezani kwangu jioni. Kesho asubuhi kijana anaenda korti. Wizi wa mabavu."

"Afande, sijamaliza kuangalia."

"Kuna mzee amepasuka kichwa, kuna mtu ameshikwa anakimbia na simu yake, kuna shahidi. Unaangalia nini tena, hali ya hewa?"

Asio alirudisha simu mfukoni. Wizi wa mabavu ni shitaka ambalo sheria bado inalitajia kitanzi. Mtu akishaingia nalo kortini, hata akija kutoka, hatoki akiwa mtu yule yule.

*

Nje ya seli alimkuta mama yake Levis, Eucabeth, amekaa kwenye benchi na bakuli lililofunikwa kitambaa.

"Madam," mama alisema, "wananiambia mtoto wangu amevunja mtu kichwa. Huyo tukichinja kuku anageuza uso. Kula anakula, lakini anageuza uso."

"Nitamuuliza, mama."

Levis Ojiambo alikuwa kijana mrefu, mdomo umevimba. Watu wa barabarani walikuwa wamemwonjesha ngumi kabla polisi hawajafika. Alimtazama Asio kama mtu anayetazama mvua inavyoingia ndani ya nyumba yake.

"Mbona ulimrarua mzee koti?"

"Alikuwa anashika hapa." Aliweka kiganja upande wa kushoto wa kifua. "Anasema, 'Levis, kuna kitu kinanigonga. Kinanigonga ndani.' Macho yakageuka. Akaenda chini, kichwa kikapata mizani. Sasa mimi naona koti limembana. Kwetu Funyula mtu akizimia, kitu ya kwanza unamfungua nguo apate hewa. Vifungo vikakataa, nikavuta."

"Halafu?"

"Nikalitupa huko."

"Huko wapi?"

"Huko, afande. Nani anaangalia mahali anatupa koti na mtu anakufa?"

"Na simu?"

"Yangu haikuwa na chaji. Nikatoa yake mfuko wa suruali nipige, inataka namba ya siri. Nikaona nikimbie barabara nisimamishe boda. Watu wakaona mtu wa yadi anakimbia na simu ya tajiri." Akagusa mdomo. "Unajua Busia."

Asio alimtazama bila kusema. Alikuwa amejifunza zamani kwamba ukinyamaza vizuri, mtu hukuongezea.

"Kitu moja nilishangaa," Levis akaongezea. "Nilipomtoa koti, sijamfanyia kitu bado, ata maji sijamwagia, baada ya kidogo akavuta pumzi kubwa. Kama mtu ametolewa mzigo. Nikasema, kumbe koti ndilo lilikuwa linamuua."

*

Mzee Abdulnoor alikuwa amelala hospitalini, bendeji imezunguka kichwa, ndevu zake nyeupe zimechanwa vizuri na muuguzi fulani mwenye huruma. Kando ya kitanda alisimama mwanamke mwenye hijabu ya zambarau, amefungua mashine mfano wa kompyuta ya mkononi. Kutoka kwenye mashine ilitoka waya, na mwisho wa waya kitu bapa kama kisahani, alichokuwa amekiweka juu ya kifua cha mzee.

"Mimi ni Hanan," alisema. "Fundi wa pesimeka, hizi mashine za moyo. Nimetumwa kutoka Eldoret niangalie kama mashine imekufa."

"Imekufa?"

"Hii?" Hanan alitabasamu jinsi mama anavyotabasamu akiulizwa kama mtoto wake amefaulu. "Dada, jana hii imefanya kazi kuliko sisi wote. Njoo uone."

Kwenye kioo palikuwa na mistari miwili. Wa juu ulikuwa na vilima vidogo, wa chini vilima virefu, vikifuatana, kidogo kwa kirefu, kidogo kwa kirefu.

"Moyo una vyumba vya juu na vya chini. Cha juu kikipiga, habari inapita njia fulani mpaka chini, na chini kinapiga. Kwa mzee huyu ile njia ni mbovu. Siku nyingine habari inafika, siku nyingine inapotea. Kwa hivyo mashine inakaa katikati. Inasikiliza juu, inangoja kidogo, halafu inampigisha chini. Siku nzima ni hiyo. Inamfuata wa juu."

"Hapo nimeelewa."

"Sasa, kuna ugonjwa ambao vyumba vya juu vinashikwa na wazimu. Vinatetemeka mara mamia kwa dakika moja. Mashine ikiendelea kumfuata wa juu, itamkimbiza wa chini mpaka mwisho wa nguvu zake."

Asio alikodolea vilima macho. Alizaliwa Malaba, na baba yake alikuwa kuli. "Ni kama makuli," alisema polepole. "Wakipakua lori, mmoja anaimba, wengine wanainua kwa wimbo wake. Siku mwimbaji akija amelewa, akaanza kuimba mbio mbio, wakimfuata watavunjika migongo. Nyapara anawaambia, huyo leo msimsikilize, inueni kwa mkono wangu."

Hanan alimgeukia, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Hiyo nitaiiba. Nitawaambia wagonjwa wangu hivyo hivyo. Ndiyo, inafanya kazi ya nyapara. Inaacha kumfuata wa juu, inampa wa chini mwendo wa pole, mwendo wa mtu anayetembea. Na haikurupuki. Pigo moja la haraka haliiogopeshi. Inahesabu kwanza mpaka iwe na hakika. Na bado inaendelea kumtegea sikio yule mlevi. Akitulia, inaanza tena kumfuata. Hakuna daktari, hakuna anayebonyeza kitu."

"Na iko ndani ya nyama, gizani."

"Ndani ya nyama, gizani. Ndogo kama kiberiti."

Wanawake wawili wakaangalia vilima vikipita. Kisha Asio akakumbuka kwamba jioni inakuja na Ochom anangoja.

"Inakumbuka siku gani ilibadilisha?"

"Siku na saa."

"Jana asubuhi, mzee alipokuwa Malaba. Watu wanasema skana ya malori."

Hanan aligusa kioo, akasogeza. "Hakuna. Asubuhi yote moyo umetulia kama maji ya mtungi. Wacheni skana ya watu."

"Na baadaye?"

"Baadaye ndipo pana jambo." Hanan aliacha kutabasamu. "Hapa mashine imebadilisha mwendo, imeacha kumfuata wa juu. Imekaa hivyo mpaka jioni, dawa za hapa zilipomtuliza, ikarudi yenyewe. Hiyo ni sawa. Lakini angalia kabla yake. Pengo. Hakuna kilichoandikwa."

"Moyo ulinyamaza?"

"Moyo ungenyamaza tusingekuwa tunaongea na wewe hapa. Mashine ndiyo ilizibwa masikio. Iliwekewa sumaku."

"Sumaku inafanya nini?"

"Inaifanya ipige tu, mwendo mmoja, bila kusikiliza. Sisi tunaitumia makusudi tukiipima, dakika moja, tunaondoa. Lakini ikikaa, moyo ukipiga wenyewe, mashine nayo inapiga juu yake. Wanagongana. Mtu anaweza kuhisi kama anagongwa ndani, akapata kizunguzungu. Na kule kugongana kunaweza kuamsha ule wazimu wa vyumba vya juu. Sitaapa kortini kwamba ndicho kilichomwangusha. Nitaapa kwamba sumaku ilipoondoka tu, mashine ilisikia wazimu umeshaanza, ikahesabu, ikabadilisha mwendo hapo hapo."

Kinanigonga ndani. Ndivyo Levis alivyosema mzee alilalamika.

"Iliondoka saa ngapi?"

Hanan alilinganisha kwanza saa ya mashine na ya simu yake, akasema ile ya kifuani imechelewa dakika mbili, akatoa jibu. Asio akapigia kituo, akamuuliza askari wa zamu simu ya Mujib ilipokewa saa ngapi. Ilikuwa dakika ile ile. Dakika ambayo Mujib alimwona Levis akirarua koti.

"Unazo hizo sumaku?"

Hanan alitoa moja mkobani. Ilikuwa pete nene nyeusi, nzito kuliko ilivyoonekana. Asio aliigeuza mkononi, na palepale akajua ameziona wapi. Kila mnunuzi wa skrapu, kutoka Busia mpaka Malaba, ana moja, ameitoa kwenye spika mbovu. Mtu akimletea shaba, anaigusisha. Ikishika, si shaba, ni chuma kilichopakwa rangi, na mleta mzigo anaanza kuapa kwa mama yake. Mnunuzi wa skrapu bila sumaku ni mchinjaji bila kisu.

Na katika yadi ya Mzee Abdulnoor, Asio alikuwa ametazama kila mahali. Hakuona sumaku hata moja.

*

"Sumaku ya mzee iko wapi?" alimuuliza Mujib.

"Si iko hapo kwenye mizani, imefungwa na..." Mujib aligeuka, akaona kile kipande cha kamba kikining'inia peke yake. "Kumbe ilikatika. Jana akirudi kutoka Malaba nilimsikia analalamika kamba imekatika. Alisema atafunga nyingine akimaliza ule mzigo."

"Mpaka amalize, angeiweka wapi?"

"Sijui, afande. Mkononi?"

"Mtu anapima mzigo kwa mikono miwili."

Asio alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea langoni. Lile koti la kijivu lilikuwa pale pale, limelala upande mmoja kidogo, mkono mmoja umening'inia.

"Nani alilitundika hili?"

"Nimekwambia. Nyinyi."

"Sisi hatukulitundika. Nilidhani ni majirani." Alipitisha vidole nyuma ya koti, kati ya kitambaa na chuma, polepole, juu mpaka chini. "Njoo unionyeshe msumari."

Mujib alikuja, akapapasa. Lango lilikuwa laini kama sahani. Hakuna msumari, hakuna ndoano, hakuna hata kichwa cha skrubu.

Asio alishika koti kwa mkono mmoja, akavuta. Liligoma kama mtoto anayeachishwa ziwa, kisha likaachia. Akalilegeza kidogo, likamponyoka mkononi, likaruka lenyewe kurudi langoni. Ta.

"Astaghfirullah," Mujib alisema chini chini.

"Tia mkono mfuko wa kifuani. Wa kushoto."

Alitia. Alichotoa kilikuwa sumaku ya spika, pana kama kiganja, imeota ndevu za vumbi la chuma pande zote. Aliishika kwa mikono yote miwili kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha marehemu.

"Mzee alikatikiwa na kamba, akaitia mfukoni, juu ya mashine yake ya moyo," Asio alisema. "Akaendelea na kazi. Mashine ikazibwa masikio, mambo yakaharibika humo ndani, akaanguka. Damu iko kwenye pembe ya mizani. Nondo yako haina kitu. Halafu Levis akalitoa koti, akalitupa, likashika hapa. Dakika ile ile mashine ikafunguka masikio, ikasikia moyo umeingia wazimu, ikaushika."

Mujib alikaa juu ya rimu ya lori. "Mimi niliona kwa macho yangu, afande. Sikudanganya."

"Hukudanganya. Uliona mtu anamvua ami yako koti. Mimi pia niliona koti limetundikwa."

*

Inspekta Ochom alisikiliza yote amesimama mlangoni mwa wadi, kofia kwapani. Alikuwa mtu mgumu, lakini hakuwa mtu mbaya.

"Hadithi nzuri," alisema. "Lakini hakuna aliyeona sumaku ikiingia mfukoni. Wakili yeyote atakuuliza hivyo. Pengine Levis mwenyewe ndiye aliitia baadaye."

"Mzee ameamka, afande. Daktari ameturuhusu swali moja tu."

"Muulize basi kama Levis alimpiga."

"Atasema hakumbuki, na tutabaki hapa hapa."

Aliinama karibu na mto. Macho ya Mzee Abdulnoor yalikuwa wazi, yamechoka, lakini yalikuwa yake. Juu ya kioo cha Hanan vilima vilipita, kidogo kwa kirefu, bila haraka.

"Mzee, shikamoo. Mimi ni Asio, wa polisi. Kamba ya sumaku ilipokatika jana, sumaku uliiweka wapi?"

Mzee alifikiri. Ulimi wake ulikuwa mzito, ukakataa mara ya kwanza. Basi akainua mkono, akiuburuta na mrija wake wa maji, akaupeleka taratibu hadi upande wa kushoto wa kifua, akapiga hapo mara mbili, kama mtu anayehakikisha kwamba kitu chake bado kipo. Hakikuwapo. Akaanza kupapasa.

Hanan alifunika mdomo kwa ncha ya hijabu. "Simu tulimkataza kuiweka hapo. Akatii. Anaitia kwenye suruali mpaka leo," alisema. "Sumaku tuliitaja, lakini mtu akisikia sumaku hafikirii kwamba ni kile kitu anachoshika kila siku."

"Levis," mzee alisema. Ochom akasogea hatua moja. "Levis yuko wapi? Aambiwe... afunge kamba nyingine. Asingoje mimi."

Ochom alivaa kofia, akaivua tena. "Faili nitaibeba mwenyewe," alisema, akatoka.

Asubuhi, saa ya korti, Asio alipita yadini kurudisha simu ya mzee. Lango la buluu lilikuwa wazi. Levis alikuwa amechuchumaa kando ya mizani, mdomo bado umevimba, akifunga sumaku kwa waya badala ya kamba, na Mujib ameshika mkono wa mizani usitikisike. Hawakuwa wakitazamana.

"Kaza," Mujib alisema.

"Nimekaza."

"Kaza tena. Isije ikatoka."

Levis alizungusha koleo mara moja zaidi, waya ukalia. "Nikikaza sana utaniitia polisi."

Mujib aliinua macho, akamwona Asio amesimama langoni, akaona aibu, halafu akacheka licha ya aibu. "Wamefika tayari," alisema, na mkono wake ukabaki pale pale, umeshikilia chuma mpaka Levis alipomaliza.